Parokia ya Dent na Vijiji Vyake katika Bonde la Mto Dee: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Dent iko wapi hasa?

Dent ni parokia ya mashambani iliyo kaskazini magharibi mwa Uingereza, katika bonde linaloitwa Dentdale. Bonde hilo limechongwa na mto Dee kwa urefu wa takriban kilometa 16, kuanzia miteremko ya Blea Moor upande wa mashariki hadi karibu na mji mdogo wa Sedbergh upande wa magharibi. Mto huu usichanganywe na Dee ya Wales wala ile ya Uskoti, ambazo ni kubwa na zina sifa zaidi. Dee ya Dent ni mto mdogo ambao humwaga maji yake katika mto Rawthey. Rawthey nao huingia Lune, na Lune ndio unaoyafikisha maji hayo baharini baada ya kuupita mji wa Lancaster. Upande wa kusini bonde limezibwa na milima ya Whernside, wenye kimo cha mita 736, na Great Coum, wenye mita 687. Upande wa kaskazini kuna mgongo mrefu wa Rise Hill, ambao unalitenga bonde hili na jirani yake Garsdale.

Je, Dent ni ya Yorkshire au ya Cumbria?

Kiutawala ni ya Cumbria, lakini kihistoria ni ya Yorkshire. Hadi mwaka 1974 parokia hii ilikuwa sehemu ya wilaya kongwe ya magharibi ya Yorkshire, kisha marekebisho ya serikali za mitaa ya mwaka huo yakaihamishia katika mkoa mpya wa Cumbria. Tangu Aprili 2023 huduma kubwa kama barabara, shule na ukusanyaji wa taka ziko chini ya halmashauri ya Westmorland and Furness. Wakati huohuo, bonde zima limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales iliyoundwa mwaka 1954, na jina la hifadhi hiyo huwachanganya wageni zaidi.

Msomaji aliyezoea hifadhi za taifa ambamo watu hawaruhusiwi kuishi aelewe kwamba hapa mambo ni tofauti. Mashamba, nyumba na hata sehemu kubwa ya milima ni mali ya watu binafsi, vijiji vipo na maisha yanaendelea. Kinachosimamiwa na mamlaka ya hifadhi ni sura ya nchi, na kwa sababu hiyo mwenye shamba akitaka kujenga banda jipya au kuligeuza ghala la kale kuwa makazi, kibali chake hakitoki katika halmashauri ya Westmorland and Furness bali katika mamlaka ya hifadhi.

Parokia ni kitu cha kanisa au cha serikali?

Ni vyote viwili, na vimetengana kwa zaidi ya karne moja. Kwa karne nyingi parokia ya Uingereza ilikuwa eneo la kanisa moja na kasisi wake, ambamo watu walibatizwa, wakaoana na kuzikwa. Tangu enzi za malkia Elizabeth wa Kwanza, parokia hiyohiyo ndiyo iliyotoza ushuru wa kuwatunza maskini. Kwa hiyo, mtu aliyefilisika alirudishwa katika parokia yake ili alishwe huko, na parokia ililazimika kushika hesabu na kusimamia barabara kwa pamoja.

Sheria ya mwaka 1894 ilikata kamba hiyo. Iliunda halmashauri za parokia zilizochaguliwa na wakazi, zikachukua shughuli za kidunia, na kanisa likabaki na ibada na majengo yake. Tangu hapo kuna parokia mbili zenye jina moja, ambazo mipaka yake haifanani kila mahali, wala kiongozi wa moja hana amri juu ya nyingine.

Dent ina upekee mwingine. Zamani haikuwa parokia kamili, bali sehemu ya parokia kubwa ya Sedbergh iliyojumuisha pia Garsdale. Hata hivyo, watu wake walijiendesha kwa uhuru usio wa kawaida, kwani kasisi wao hakuteuliwa na bwana mkubwa wala na askofu peke yake, bali alichaguliwa na kundi la wenye mashamba 24. Katika nchi ambayo kanisa nyingi za mashambani zilikuwa mikononi mwa kabaila mmoja, jambo hilo lilikuwa kubwa, na kwa maoni yangu linaeleza tabia ya bonde hili kuliko jengo lolote lililomo.

Halmashauri ya parokia ina mamlaka gani leo?

Mamlaka yake ni madogo. Hutoza sehemu ndogo ya kodi ya nyumba inayokusanywa na halmashauri kubwa, hutoa maoni kuhusu maombi ya ujenzi, na inaweza kutunza viti vya barabarani, viwanja vya michezo, makaburi au vyoo vya umma. Madiwani huchaguliwa kila baada ya miaka minne, kwa kawaida hawalipwi mshahara, na katika parokia nyingi za mashambani wagombea hupita bila kupingwa. Mtu pekee anayelipwa huwa karani, tena kwa saa chache. Mara moja kwa mwaka, kati ya tarehe 1 Machi na tarehe 1 Juni, huitishwa mkutano wa parokia, na kila aliyeandikishwa kupiga kura ana haki ya kuhudhuria na kusema.

Vijiji vyake ni vipi?

Kijiji kikuu ni Dent chenyewe, ambacho wenyeji wamezoea kukiita mji ingawa kinaweza kuzungukwa kwa miguu kwa muda mfupi sana. Kina njia nyembamba zilizotandazwa mawe ya mtoni, nyumba za mawe ambazo nyingi zimepakwa chokaa nyeupe, na kanisa la Mtakatifu Andrea ambalo asili yake ni enzi ya Wanormani, watawala wa Uingereza kuanzia karne ya 11. Magharibi yake kuna kijiji kidogo cha Gawthrop. Ukipanda bonde kuelekea mashariki utafika Cowgill na Lea Yeat, na upande wa kusini linachepuka bonde dogo la Deepdale.

Hata hivyo, anayetafuta vijiji tu atakuwa ameikosa parokia yenyewe. Watu wengi wa Dentdale tangu zamani waliishi katika nyumba za mashamba zilizotawanyika, moja kila baada ya mashamba kadhaa, kwenye kingo za bonde juu kidogo ya mahali ambapo mto hufurika. Mpangilio huo unahusishwa na walowezi wenye asili ya Skandinavia walioingia kupitia Bahari ya Ireland takriban miaka elfu moja iliyopita, na majina ya mahali yenye asili ya lugha yao yamejaa bonde zima. Parokia yote ina wakazi wasiofika 1,000.

Kwa nini mto hutoweka wakati wa kiangazi?

Sehemu kubwa ya bonde la juu imekaa juu ya mwamba wa chokaa, na mwamba huo huyeyushwa polepole na maji ya mvua. Mipasuko yake hupanuka ikawa mashimo na mapango, hivyo mvua zikipungua mto Dee huzama chini ya kitanda chake na kuacha mawe makavu meupe, kisha huibuka tena mbele. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hurudi juu kwa ghafla na kwa nguvu, na mahali palipokuwa pakavu asubuhi huenda pasivukike jioni. Baadhi ya mashimo ya mtoni yana majina ya kutisha, kama vile Hell's Cauldron, yaani sufuria la jehanamu.

Karibu na mwisho wa bonde upande wa magharibi kuna ufa mkubwa wa kijiolojia uitwao Dent Fault, unaotenganisha miamba ya chokaa na miamba mikongwe zaidi ya vilima vya Howgill. Hata asiyejua jiolojia ataiona tofauti: upande mmoja milima ina ngazi na kuta za mawe yenye rangi nyepesi, na upande wa pili vilima ni mviringo, vimefunikwa nyasi tupu, na kuta za mawe huishia chini.

Watu wa bonde waliishi kwa kazi gani kabla ya utalii?

Walifuga na walifuma. Ufugaji hauhitaji maelezo mengi, kwa kuwa nchi yenye mvua nyingi na msimu mfupi wa joto haifai sana kwa nafaka. Ufumaji ndio uliolifanya jina la Dent lijulikane. Kuanzia karne ya 17 hadi karne ya 19, wanaume, wanawake na watoto walifuma soksi, glovu na kofia za sufu kwa mikono, bila kupumzika, hata wakiwa wanatembea kuelekea sokoni au wanachunga. Mfumaji aliingiza sindano moja katika kijiti cha mbao kilichochomekwa mkandani, ili mkono mmoja uwe huru, kisha akayumba mbele na nyuma kufuata mwendo wa kazi. Wafanyabiashara wa mji jirani wa Kendal walileta uzi na kuchukua soksi zilizokamilika, na jeshi la Uingereza lilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Jioni za majira ya baridi, majirani walikusanyika katika nyumba moja ili wachangie moto na mwanga, wakafuma pamoja huku wakiimba na kusimuliana hadithi. Zilikuwa jioni za furaha, lakini zilikuwa pia jioni za kazi ya lazima. Mkulima mdogo wa bonde hili, hata aliyemiliki shamba lake mwenyewe kwa haki ya kimila iliyorithiwa, hakuweza kuilisha familia kwa kondoo na ng'ombe peke yao. Soksi ndizo zilizolipa pango, chumvi na viatu, na mashine za viwandani zilipoishusha bei ya soksi, bonde lilipoteza mguu wake wa pili. Familia nyingi ziliondoka katika karne ya 19 kwenda kwenye miji ya viwanda, na hakuna kilichokuja baadaye kilichowarudisha.

Simulizi za kale zinasema pia kwamba nyumba za kijijini zilikuwa na roshani za mbao zilizojitokeza juu ya njia, ambamo wanawake walikaa wakifanya kazi ya sufu na kuzungumza na wa upande wa pili. Roshani hizo zimetoweka.

Marumaru ya Dent ni nini?

Kwa wanajiolojia si marumaru halisi, bali ni jiwe la chokaa gumu, jeusi au la kijivu, ambalo likisuguliwa hung'aa na kuonyesha visukuku vyeupe vya viumbe wa baharini walioishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Lilichimbwa na kukatwa katika eneo la Stone House na Arten Gill, kwenye bonde la juu, likapelekwa mbali kwa ajili ya meko, meza na sakafu. Sakafu ya sehemu ya mbele ya kanisa la Dent imetandazwa jiwe hilo, na hapo ndipo mahali rahisi zaidi pa kuliona. Biashara ilififia mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya marumaru ya Italia kupatikana kwa bei nafuu.

Gurudumu la maji lililoendesha mashine za kukatia jiwe hilo lina sehemu katika historia ya uhandisi. Mwaka 1835, wakili kijana wa Newcastle aliyeitwa William Armstrong alikuja kuvua samaki katika mto Dee. Alipolitazama gurudumu hilo likizunguka, aligundua kwamba ni sehemu ndogo tu ya nguvu za maji iliyokuwa ikitumika na kwamba nyingine yote ilipotea bure. Baadaye alibuni winchi za bandarini zinazoendeshwa kwa shinikizo la maji, akaacha uwakili, na hatimaye akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa viwanda nchini, mtengenezaji wa mizinga na meli za kivita. Mitambo ya maji iliyoinua daraja la Tower Bridge la London ilitengenezwa na kampuni yake.

Adam Sedgwick ambaye jina lake limechongwa kwenye jiwe kubwa kijijini alikuwa nani?

Sedgwick alizaliwa Dent tarehe 22 Machi 1785, mtoto wa kasisi wa kijiji. Alisoma katika shule ya kijiji, kisha Sedbergh, halafu akajiunga na chuo cha Trinity huko Cambridge. Mwaka 1818 alipewa uprofesa wa jiolojia katika chuo kikuu hicho akiwa na ujuzi mdogo sana wa somo lenyewe, akaushika mpaka kifo chake tarehe 27 Januari 1873, yaani kwa karibu miaka 55. Yeye ndiye aliyekipa jina kipindi cha Kambri, mojawapo ya vipindi vya kale vya historia ya dunia, mwaka 1835, na mwaka 1839, akishirikiana na mwanajiolojia mwenzake Roderick Murchison, akakitambulisha kipindi cha Devoni. Urafiki wa wawili hao ulivunjika baadaye kwa ugomvi juu ya mpaka kati ya miamba ya Kambri na ya Siluri, ugomvi uliotatuliwa baada ya wote wawili kufa, pale mwanajiolojia mwingine alipoweka kipindi cha tatu katikati yao.

Mwaka 1831 alimchukua kijana Charles Darwin katika safari ya kuchunguza miamba ya Wales kaskazini, miezi michache kabla Darwin hajaondoka kwa meli ya Beagle. Mwalimu hakukubaliana na mwanafunzi wake. Sedgwick, ambaye alikuwa pia padri wa Kianglikana, aliikataa nadharia ya mageuzi ya viumbe hadi mwisho, ingawa hawakuacha kuandikiana kwa heshima.

Jiwe lililopo kijijini ni bonge la matale kutoka Shap, lenye bomba la maji ya kunywa, na limechongwa jina lake na miaka yake miwili basi. Ni kumbukumbu inayomfaa. Mtu aliyeishi kwa kusoma miamba hakuhitaji sanamu.

Ni kweli kwamba bunge lilitunga sheria kwa ajili ya jina la kanisa dogo la Cowgill?

Ni kweli. Kanisa la Cowgill lilijengwa miaka ya 1837 na 1838 kwa ajili ya wakazi wa bonde la juu waliokuwa mbali na kanisa kuu, na Sedgwick mwenyewe ndiye aliyeweka jiwe la msingi. Miongo mitatu baadaye, eneo lake lilipoandikishwa rasmi, liliandikwa kwa jina la Kirkthwaite badala ya Cowgill. Sedgwick, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, aliona kwamba jina lililowekwa ni geni na limeandikwa kwa makosa, na kwamba wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1868 aliandika kijitabu cha malalamiko ambamo, pamoja na hoja yake, alimwaga kumbukumbu zote za utotoni mwake: wafumaji, masoko, barabara mbovu, michezo na misemo ya wazee.

Nakala ilimfikia malkia Victoria, ambaye alimfahamu Sedgwick kwa kuwa aliwahi kumtumikia mume wake, Albert, alipokuwa mkuu wa chuo kikuu cha Cambridge. Mwaka 1869 bunge likapitisha sheria ya kulirudisha jina la Cowgill. Mengi tunayoyajua kuhusu maisha ya kawaida ya Dent katika karne ya 18 yametoka katika kijitabu hicho, kwa hiyo tuna sababu ya kumshukuru aliyekosea jina hilo.

Bonde lililojitenga hivi lilihusikaje na utumwa?

Lilihusika moja kwa moja. Familia ya Sill, iliyokuwa miongoni mwa wenye mashamba wa Dentdale, ilimiliki shamba la miwa nchini Jamaika pamoja na watu waliolilima. Faida ya huko iliwawezesha kununua ardhi na kujijengea nyumba kubwa ya kifahari, West House, ambayo baadaye iliitwa Whernside Manor, na ambayo hadi leo haifanani na nyumba za wakulima zilizoizunguka.

Baadhi ya Waafrika waliletwa hadi bondeni. Ushahidi ulio wazi zaidi ni tangazo lililochapishwa katika gazeti la Liverpool mwaka 1758, likieleza kwamba mtu mweusi aitwaye Thomas Anson, mwenye umri wa miaka 20 au zaidi, ametoroka Dent mwezi Agosti, na likaahidi zawadi nono kwa atakayemrejesha kwa Edmund Sill. Tangazo linataja kimo chake na upana wa kifua chake kama mtu anavyomweleza farasi aliyepotea.

Miongo mingi baadaye, sheria ya mwaka 1833 ilipoufuta utumwa katika makoloni ya Uingereza, fidia ya pauni milioni 20 ilitolewa kwa waliomiliki watumwa, na waliotumikishwa hawakupata kitu. Fidia ilipolipwa, Ann Sill, wa mwisho katika familia hiyo, alikuwa amekwisha kufa, na mmoja wa wasimamizi wa wasia wake alikuwa Adam Sedgwick. Kwa wadhifa huo jina lake linaonekana katika kumbukumbu za fidia, katika dai la zaidi ya pauni 3,700. Wapo wanaosema alitimiza tu wajibu wa kisheria kwa jirani, na wapo wanaosema wajibu huo alikuwa na uhuru wa kuukataa. Mimi naona hoja ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu mtu aliyepigania jina la kanisa dogo hadi kwa malkia hakuwa mtu wa kukosa la kusema.

Kwa nini stesheni ya Dent iko mbali na kijiji?

Kwa sababu reli haikujengwa kwa ajili ya kijiji. Kampuni ya Midland Railway ilitaka njia yake yenyewe ya kufika Uskoti, na kati ya mwaka 1869 na 1876 ikaipitisha juu ya milima kutoka Settle hadi Carlisle. Ili treni zisipande na kushuka kila bonde, wahandisi waliishikilia reli juu kando ya mlima kwa mahandaki na madaraja. Juu ya Dentdale kuna handaki la Blea Moor lenye zaidi ya kilometa 2.4, kisha daraja la Dent Head lenye matao 10, kisha la Arten Gill lenye matao 11 lililojengwa kwa jiwe lilelile la marumaru ya Dent.

Stesheni imekaa mita 350 juu ya usawa wa bahari, na hakuna stesheni ya reli kuu nchini Uingereza (yaani England, bila kuhesabu Uskoti) iliyo juu zaidi. Kijiji kiko takriban kilometa sita na nusu kutoka hapo, chini sana bondeni. Karibu na stesheni bado kuna mabaki ya uzio wa mataruma ya mbao uliowekwa ili kuzuia theluji isiifukie reli.

Miaka ya 1980 shirika la reli la taifa lilitaka kuifunga njia nzima. Maelfu ya watu waliandika pingamizi, na katika orodha hiyo imo alama ya unyayo wa mbwa aliyekuwa na tiketi yake, ambaye sasa ana sanamu katika stesheni jirani ya Garsdale. Aprili 1989 serikali ilitangaza kwamba njia haitafungwa.

Wakulima wa sasa wanafanya nini kwa mwaka mzima?

Kondoo ndio msingi, hasa aina za Swaledale, Dalesbred na Rough Fell ambazo huvumilia mvua na upepo. Wengi huzaa mwezi Aprili, wakiwa wameshushwa kwenye mashamba ya chini, kisha hupandishwa milimani na wana wao. Katika malisho ya pamoja hakuna uzio, lakini kila kundi hujua eneo lake, kwa kuwa kondoo jike humfundisha mwanawe mahali pa kulisha. Kundi la namna hiyo likiuzwa au kufa, huwezi kununua lingine sokoni na kuliachia mlimani likatulia. Hii ndiyo sababu ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001, uliosababisha mifugo mingi ya Cumbria kuchinjwa, uliumiza kuliko hesabu za fedha zilivyoonyesha.

Majani ya akiba hukatwa kuanzia Julai, hali ya hewa ikiruhusu. Zamani yalihifadhiwa katika maghala madogo ya mawe yaliyojengwa kila baada ya mashamba machache, ng'ombe wakifungwa chini na majani yakiwekwa juu; siku hizi mengi ya maghala hayo ni matupu, kwa sababu majani hufungwa kwa plastiki na ng'ombe hulala katika mabanda makubwa karibu na nyumba.

Vipi kuhusu kaburi la "mnyonya damu"?

Karibu na mlango wa kanisa la Dent kuna jiwe la kaburi la George Hodgson, aliyefariki mwaka 1715 akiwa na miaka 94. Inasimuliwa kwamba wanakijiji walimshuku kwa umri wake mrefu na kuonekana kwake baada ya kufa, wakamfukua na kumchoma na chuma. Ni hadithi ya kunogesha matembezi. Miaka 94 haikuwa kosa hata wakati huo.

Je, kijana wa bonde anaweza kupata nyumba hapo?

Kwa shida. Nyumba ni chache, ruhusa za kujenga mpya hutolewa kwa uangalifu mkubwa, na wanaotafuta nyumba za mapumziko au za kustaafu wana fedha zaidi ya mtu anayeishi kwa mshahara wa shambani. Mamlaka ya hifadhi huweka masharti kwa baadhi ya nyumba mpya ili zikaliwe na wenyeji tu. Kila familia yenye watoto inayohama huipunguzia shule ya msingi ya kijiji idadi ya wanafunzi, na shule ikifungwa familia nyingine haiji. Uzuri wa bonde, ambao hifadhi iliundwa kuulinda, ndio unaopandisha bei hizo, na sijaona bado mpango unaolinda vyote viwili kwa usawa.

Mgeni anafikaje, na aende wakati gani?

Treni za Leeds kwenda Carlisle husimama Dent, na safari kutoka Leeds huchukua takriban saa moja na nusu. Kwa kuwa usafiri wa umma kutoka stesheni hadi kijijini ni wa nadra, panga mapema teksi au jiandae kutembea, ukikumbuka kwamba mteremko wa kwanza kuelekea Lea Yeat ni mkali na kwamba jioni utakuwa mlima. Wanaotembea kwa siku nyingi hupitia bondeni kwa njia ya Dales Way, yenye takriban kilometa 130 kutoka Ilkley hadi Bowness kando ya ziwa Windermere. Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaosafiri kutoka nyumbani wanahitaji viza ya Uingereza kabla ya kuanza safari.

Mei na Juni ndiyo miezi bora, kwa kuwa maua ya mashamba ya majani yamechanua na mwishoni mwa Juni jua halizami hadi karibu saa nne usiku. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na barabara za juu huweza kuganda barafu. Mvua hunyesha mwezi wowote, hivyo koti lisilopitisha maji ni la lazima hata Julai.

Ni wapi inaruhusiwa kutembea?

Katika mashamba yaliyozungushiwa kuta, fuata njia za umma zilizowekewa alama, na usitoke nje yake hata kama shamba linaonekana tupu, kwa kuwa majani yaliyokanyagwa hayakatiki vizuri. Juu milimani, sheria ya mwaka 2000 inaruhusu kutembea kwa uhuru katika maeneo ya wazi yaliyoonyeshwa kwenye ramani. Huko, kati ya tarehe 1 Machi na tarehe 31 Julai, mbwa lazima afungwe kamba fupi kwa ajili ya ndege wanaotaga chini, na mahali penye mifugo lazima afungwe mwaka mzima. Kuta za mawe hazina saruji, hivyo usizipande. Tumia ngazi za mawe au malango. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi, kwani huenda mkulima ameliacha hivyo ili kondoo wafike kwenye maji.